Chokaa Haina Haraka

Nyumba kongwe ya mawe ya Lamu huanza na daka, pale mgeni anapokalishwa, kisha kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, halafu misana, yaani kumbi zinazoelekea kiwanda, na baada yake ndani, kwa mwenye nyumba mwenyewe. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana mita 3 kasoro, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari zaidi ya hapo.

Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba anapoolewa. Pakiwa finyu, alijenga juu ya nyumba yake mwenyewe, au akavusha wikio, chumba cha darajani, juu ya kichochoro. Ndani, fundi alichonga zidaka za ukutani, safu juu ya safu, za kupangia sahani na bakuli za China. Chumba cha nyuma, nyumba kati, palikuwa pa kujifungulia wazazi, na pa kuoshea maiti.

Leo nyingi za nyumba hizo ni za wageni. Nyumba kati imekuwa bafu, na kwenye zidaka kuna simu inachajiwa. Mji uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wanunuzi kutoka mbali wamekuwa wengi. Mabadiliko hayo sina ugomvi nayo. Ninachokitazama ni mkono wa fundi mwashi anayeitwa kila nyumba inapopata kazi mpya.

Haanzi na mwiko. Hugonga ukuta kwa kidole, akitega sikio. Panapolia kama mtungi mtupu, lipu imeachana na jiwe. Hapo tu ndipo anapobandua. Penye uhai hapagusi, hata pakiwa na doa. Kujizuia huko nakuheshimu kuliko urembo wote anaoweza kuchonga.

Chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, yakazimwa kwa maji, kisha yakaachwa yaive kwa miezi. Mwenye nyumba mwenye haraka huleta saruji. Saruji hushika upesi, lakini hufungia unyevu na chumvi ukutani, na baada ya misimu michache ya mvua lipu humwagika pamoja na nakshi ya kale. Chokaa huuachia ukuta ukauke.

Kidaka kilichovunjika hukijaza tabaka moja jembamba, akangoja, akaongeza jingine. Likiwa bado bichi huchukua kisu kidogo na kufuata mstari wa aliyemtangulia, pale ulipokatikia.