Mfumo wa Linux kwa Mzazi: Je, Mzazi ni Mwanagenzi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizokuwa zikiutumia ni nzima kabisa, ila haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa mfumo huo wadai prosesa za miaka ya karibuni na kijisehemu maalumu cha usalama. Miongoni mwa kompyuta hizo imo ya mama yangu mzazi, mwalimu mstaafu, aitumiaye kwa barua, picha za wajukuu na hesabu za kikundi chake cha kuweka na kukopa. Shauri litolewalo mara nyingi ni kuweka Linux, isiyo na ada. Shauri hilo ni jema. Lakini mtu aulizapo ni Linux ipi, hujibiwa kwa fungu moja la maneno: “iliyo rafiki kwa wanaoanza”. Makala haya yanakusudia kulichunguza fungu hilo, kwani nimeshuhudia likimpotosha mtu, na mtu huyo ni mimi.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba Linux, kwa maana yake halisi, ni kiini tu, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Watu na makampuni hukizungushia kiini hicho programu nyingine, wakapata kitu kamili kinachoweza kutumika: Debian, Ubuntu, Fedora, Linux Mint na vinginevyo. Kitu hicho tukiiteje? Wapo wanaosema “usambazaji”, lakini hilo ni jina la tendo, si la kitu. Wapo wanaosema “toleo”, nao wanaleta mkanganyiko mkubwa zaidi, maana Ubuntu yenyewe ina matoleo yake, mathalani 24.04 la Aprili 2024. Mtu akiambiwa “badili toleo” hajui kama ahame nyumba au apake rangi. Mimi natumia “mkusanyo”, na neno “toleo” naliachia kazi yake ya zamani.

Sasa tulitazame neno “rafiki”. Sina ugomvi na asili yake ya Kiingereza. Tumekwisha kuzoea “mazingira rafiki”, na anayetaka kuling'oa atachoka bure. Kasoro yake ni kwamba limefumbata sifa tatu zisizofanana: wepesi wa kuanza, kufanana na kile mtu alichokizoea, na utulivu, yaani kutobadilika-badilika. Mkusanyo waweza kuwa na ya kwanza ukakosa ya tatu. Mfasiri anayeandika “rafiki” hakukosea sarufi, ila amemwacha msomaji gizani hasa pale alipohitaji taa.

Kosa kubwa zaidi limo katika “wanaoanza”, ambao wengine huwaita kwa neno zuri la kale, “wanagenzi”. Mwanagenzi ni nani? Ni yule aliyeingia karakana akikusudia kuwa fundi. Hushika msumeno vibaya leo, na kesho vizuri kidogo. Uanagenzi una mwisho. Mama yangu hakuingia karakana yoyote. Hataki kuijua Linux kama vile asivyotaka kuijua injini ya basi linalompeleka sokoni, na miaka kumi ijayo hatakuwa ameijua, wala hatakuwa amekosa kitu. Tena huitwa “asiye mtaalamu”, yeye aliyefundisha hesabu zaidi ya miaka 30! Tuseme basi “asiye fundi”, tusimvue utaalamu wake kwa sababu ya chombo.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mara ya kwanza nilitafuta mkusanyo kwa kufuata sifa ya “wanaoanza”. Niliupata mmoja, sitautaja, ambao kwa mwanagenzi ulifaa sana: kila mara ulileta jambo jipya la kujifunza. Baada ya miezi michache mama aliona ujumbe uliomwomba “aboreshe” mfumo. Naye, kama mtu yeyote mwenye akili, hakuona sababu ya kukataa uboreshaji. Alipowasha tena, upau wa chini ulikuwa umehamia kwingine na hesabu za kikundi, zilizokuwa mbele ya macho, hazikuonekana. Hazikupotea, zilikuwa palepale ndani ya kabrasha lake. Lakini siku hiyo ilikuwa ya mkutano, na wanachama walimsubiri mweka hazina wao. Alinipigia simu akasema, “Mwanangu, umenihamishia vyombo jikoni bila kuniambia.” Nikanyamaza.

Hapo wasomaji wa jarida hili wataona lawama inavyotuhusu. Kuna kitendo cha kurekebisha kasoro na kuziba mianya ya usalama, nacho twakiita “kusasisha”. Kuna kingine cha kuhamia toleo jipya, chenye hatari zake, nacho mara nyingi huitwa “kuboresha”. Neno la pili limekwisha kutoa hukumu kabla mtumiaji hajafikiri. “Kuhamia toleo jipya” ni refu, ndiyo, lakini ni kweli, na lingemfanya mama anipigie simu kabla badala ya baada. Ya namna hiyo ni “futa”, ambalo nimelikuta likitumika kwa kuondoa faili na pia kwa kughairi kitendo. Mtu anayetaka kujitoa salama huambiwa abonyeze neno la kuangamiza.

Basi nilichagua nini mara ya pili? Linux Mint, pamoja na sura yake iitwayo Cinnamon. Kitufe cha orodha kipo chini kushoto, saa ipo chini kulia, madirisha yaliyofunguliwa yamejipanga katikati yake, ndivyo alivyozoea. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na limeahidiwa masasisho hadi Aprili 2029. Fedora ni kazi ya mafundi hodari, lakini toleo lake hutunzwa kwa takriban miezi 13 tu, nami siwezi kumhamisha mama kila mwaka. Ubuntu ina umri mrefu, na jina lake ni ndugu wa neno letu “utu”; hata hivyo upau wake umesimama upande wa kushoto na orodha yake ya programu hutandazwa skrini nzima, na kwa mama huo ni ugeni usio na faida. Zorin OS, itokayo Ireland, ingefaa vilevile, na sitabishana na atakayeichagua. Hapana haja ya kukisia: mikusanyo yote hii huweza kujaribiwa kutoka kwenye kijiti cha kumbukumbu bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Nilimketisha mama saa nzima mbele yake, nikakaa kimya, nikaangalia mkono wake unakwenda wapi. Naona jaribio hilo lina uzito kuliko orodha yoyote ya sifa.

Limebaki suala la lugha ya skrini, nami nalisema kwa haya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kutokana na OpenOffice hiyo ndiko ilikotoka LibreOffice anayoitumia mama leo. Ilitazamiwa kwamba baada ya miaka 20 tungekuwa mbali. Lakini tafsiri nilizozikuta katika mikusanyo niliyoijaribu zilikuwa nusunusu: orodha moja yasema “nywila”, dirisha linalofuata lasema “nenosiri”, na onyo lenyewe, pale panapohitaji kueleweka kuliko pote, limeachwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mimi, mwenye kulipwa mshahara kwa ajili ya istilahi za Kiswahili, nimeiacha skrini ya mama yangu katika Kiingereza, lugha moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Pembeni ya skrini amebandika karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni, kila neno la Kiingereza na la kwetu. Penye “hifadhi” yetu ameandika “weka”. Penye “ghairi” ameandika “acha kama ilivyokuwa”. Penye lile la kuhamia toleo jipya ameandika “usiguse, uliza”. Maneno mawili ya kwanza nimeyapeleka kwenye kamati.