"Askari wa Mwili" na Kauli ya Kutendana

Mwanafunzi wetu akitakiwa kueleza kinga ya mwili kwa Kiswahili, aghalabu huanza hivi: chembe nyeupe za damu ni askari, bakteria ni adui, vita vinaanza. Sitiari hii hukumbukwa kwa urahisi, lakini inaficha jambo lenyewe. Askari hungoja amri ya mkubwa wake; chembe hazina mkubwa.

Tuchukue bakteria wa kuhara damu, Shigela, wanapopenya ukuta wa utumbo. Makrofaji, chembe inayomeza vijidudu, huwatambua na kutoa saitokini, yaani kemikali za kupashana habari. Mishipa midogo ya damu hutanuka, neutrofili humiminika kutoka kwenye damu, tishu huvimba na kupata joto. Saitokini mojawapo, intalukini-12, huziamsha chembe T pamoja na "wauaji asilia" (jina la kivita nalo!). Hizo hujibu kwa intaferoni-gama, na makrofaji iliyoamsha sasa inaamshwa, ikaua kwa nguvu zaidi ilichokimeza. Kiswahili kina kiambishi -an- kwa kazi hii hasa: chembe huamshana. Nomino "askari" imekimeza kitenzi hicho.

Sitiari hiyo ikifika Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, yaweza kudhuru. Uchunguzi wa mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1992 mjini humo, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1997, uliuhusisha ugonjwa na kuoga ziwani na kunywa maji yake. Sasa, kipindupindu si kuhara damu. Bakteria wake hubaki juu ya utando wa utumbo bila kuzusha uvimbe mkubwa, na sumu yao huufanya utumbo umwage maji na chumvi. Mgonjwa hafi kwa kuwa "askari wameshindwa". Hufa kwa kukaukiwa maji, pengine katika saa chache. Aliyefundishwa vita atakimbilia silaha, yaani dawa kali, kabla ya kikombe cha maji yenye chumvi na sukari.

Sigusi hata uzito wa neno askari mahali palipopitia vita kuanzia 1993. Hilo lingehitaji makala yake.

Kwangu mimi, askari wabaki shule ya msingi. Chuoni mwanafunzi aulizwe: nani ameamsha, nani ameamshwa, nani ametuliza? Maana ipo pia intalukini-10, ambayo kazi yake ni kuzipoza chembe hizo, na katika hadithi ya vita sijaona inapokaa.