Mawimbi Yaliyodhaniwa Hayana Mwelekeo

Mwaka 2012 darubini kuu ya redio ya Arecibo, kisiwani Puerto Rico, ilinasa mlipuko wa mawimbi uliodumu sehemu chache tu za elfu za sekunde, ukapewa jina FRB 121102. Na ilipobainika baadaye kuwa mlipuko huo hurudia, jambo ambalo halijapata kuonekana kwa wenzake waliojulikana hadi wakati ule, wanafalaki waliuvizia kwa subira, hata mwaka 2017 ikathibitika kwamba watoka katika galaksi ndogo iliyo mbali nasi kiasi cha miaka bilioni 3 ya mwendo wa nuru. Makao yake yakajulikana, lakini hali ya makao hayo ikabaki ghaibu.

Njia ya kuijua hali hiyo ilikuwamo katika mawimbi yenyewe. Wimbi la redio, mfano wa kamba ishikwayo ncha na kutikiswa, laweza kutikisika juu na chini au kulia na kushoto, na mawimbi yakishika mwelekeo mmoja husemwa yana polaraizesheni ya mstari. Michael Faraday alidhihirisha mwaka 1845, kwa nuru ipitayo ndani ya kioo, kwamba sumaku huuzungusha mwelekeo huo. Na wimbi la redio lipitapo katika gesi ya elektroni yenye uga wa sumaku hupatwa na hali hiyo hiyo, mzunguko wake ukizidi kwa kadiri ya mraba wa urefu wa wimbi.

Waliotangulia walipima karibu na masafa ya gigahezi 1.4, wasione polaraizesheni yoyote. Tukiujua mzunguko wa mwelekeo wa mawimbi ya chanzo hiki, ambao ni kama rediani 100,000 kwa kila mita mraba, hesabu yatuonyesha sababu: katika masafa hayo, ambapo wimbi lina urefu wa sentimita 21, mwelekeo huzungushwa mara 700 na zaidi kabla ya kutufikia, na ndani ya chaneli moja (kipande cha masafa kipimwacho kwa pamoja) ya upana wa megahezi 1 tu hupinduka duara zima, hata pande zote zikafutana na kipimo kikasoma sufuri. Katika gigahezi 4.5, chaneli ya upana ule ule hupinduliwa digrii 11 tu, na mwelekeo husalimika.

Hiyo ndiyo hekima ya kazi iliyoongozwa na Daniele Michilli na kuchapishwa katika jarida la Nature, Januari 2018. Wao walipanda hadi gigahezi 4.1 mpaka 4.9, wakagawa masafa katika chaneli nyembamba, kisha wakajaribu kiasi kimoja cha mzunguko baada ya kingine, wakiurudisha nyuma kila msokoto, mpaka walipofikia kiasi ambacho mielekeo yote ililingana. Ikadhihiri kwamba polaraizesheni ni karibu asilimia 100, na darubini ya Green Bank, Marekani, ikashuhudia vivyo hivyo.

Kiasi hicho cha mzunguko kilishuka kutoka rediani 103,000 hadi kama 93,000 katika miezi saba, ilhali kuchelewa kwa masafa ya chini, kunakohesabu elektroni peke yake bila ya sumaku, hakukubadilika kwa kadiri hiyo. Kwa hiyo msokoto mwingi watokea jirani na chanzo, katika uga wa sumaku wa sehemu za elfu za gausi, hali katika anga la kawaida la galaksi yetu uga huhesabiwa kwa sehemu za milioni za gausi. Mazingira ya namna hiyo hujulikana karibu na shimo jeusi kubwa, kama lile la katikati ya galaksi yetu. Tena yaweza kuwa ya nyota changa ya nyutroni iliyofunikwa na mabaki ya mlipuko ulioizaa.

Insafu yataka tuongeze neno moja. Mwaka 2022 vipimo vya darubini ya FAST, China, na vya Green Bank vilionyesha kwamba katika vyanzo kadhaa virudiavyo polaraizesheni hupungua kwa hakika kadiri masafa yashukavyo, kwa kuwa mawimbi hupita njia nyingi ndani ya gesi iliyochafuka, kila njia na msokoto wake, na chaneli, hata iwe nyembamba kiasi gani, haiwezi kuliponya hilo. Basi sufuri moja yaweza kuwa na sababu mbili: upana wa chaneli, na mchafuko wa njia, na ni upimaji wa masafa mbalimbali ndio uzitenganishao.

Kwa hiyo mtafiti anayeandika kwamba hakuona kitu ana wajibu wa kuandika pia upana wa chaneli zake na mzunguko mkubwa kabisa ambao chaneli hizo zingeweza kuustahimili. Bila ya hayo, kutoona kwake si ushahidi.