Aliyewalisha Wavutaji

Jiwe kubwa la Stonehenge, kusini mwa Uingereza, lina tani 20 na zaidi, na lilivutwa kilomita kama 25 miaka 4,500 iliyopita. Ukilitazama, anayekujia kichwani upesi ni bwana mwenye fimbo: alisema vuteni, watu wakavuta. Mwaka 1973 mwakiolojia Colin Renfrew naye alimwona chifu pale, akiazima mfano wa machifu wa visiwa vya Polinesia. Hakuropoka. Waliokufa bila kuacha maandishi tutawaulizia kwa nani, kama si kwa walio hai?

Ila fundi wa kulinganisha jamii habweteki na mfano wa kwanza, na hapo ndipo ninapoipenda kazi yake. Hupanda milima ya Naga, kaskazini mashariki mwa India, akawatazama Waangami wa miaka mia moja iliyopita. Chifu wa kuwaamrisha hawakuwa naye. Waliovutisha jiwe ni mume na mke waliojiwekea mpunga na ng'ombe mwaka baada ya mwaka, hata wakaweza kuchinja, kupika pombe ya mchele na kulisha kijiji. Wanaume walivaa nguo zao za sherehe, wakalifunga jiwe kwenye gogo lenye panda, wakalivuta huku wakiimba. Karamu ikiisha, wenyeji wake walipata haki ya kuvaa shuka ya heshima na kupamba paa kwa pembe za mbao. Sifa tele, ghala tupu, na bado hawakuweza kumwamrisha jirani.

Aliyeshuhudia chombo kikishuliwa pwani yetu hatashangaa. Mwenye chombo hupika. Mshika wimbo ndiye mkubwa, mpaka jahazi lielee.

Sasa, wapo pia Wakonyaki, ambao ni Wanaga kama Waangami, na baadhi yao walikuwa na machifu wenye nguvu kwelikweli. Mlinganishaji mvivu angewanyamazia. Fundi huwaweka mezani, kisha hurudi kwenye udongo.

Huko Durrington Walls, kilomita 3 hivi kutoka Stonehenge, udongo umetoa mifupa ya nguruwe kwa maelfu, mingine ikiwa bado imeshikana kwenye viungo: watu walishiba hadi wakasaza. Basi karamu ilikuwepo. Lakini chifu naye hulisha watu wake. Kwa hiyo fundi anaokota taya, analipeleka maabara likapimwe, na swali lake si tena nani aliyeamuru. Anauliza nguruwe walikuwa wa nani.