Miaka Saba Ndani ya Mitatu

Dodoma hupata mvua msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na jumla ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Ikifika Julai, malisho ya karibu yamekwisha. Mtaturu, au Mgogo mwenye mifugo mingi, huanza kusogea: wengine huteremka mbuga ya Bahi, wengine hushika njia ya Wembere upande wa Singida, na wapo wanaopita huko bila kusimama. Sasa iweke kalenda ya shule juu ya kalenda hiyo. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Upimaji wa darasa la nne hufuata, Oktoba ikielekea ukingoni. Miezi ambayo mtoto wa mfugaji yuko mbali na kijiji kuliko wakati mwingine wowote ndiyo ileile ambayo Baraza la Mitihani linamtaka akae mbele ya karatasi yenye namba yake.

Mazungumzo juu ya mtaala mfupi wa kumfundishia mtoto nyumbani, au tuseme njiani, mara nyingi huanzia kwenye vitabu: vingapi, vya nani, vizito kiasi gani. Kwangu vitabu ni jambo la tatu au la nne. Kabla yake kuna mlango ambao mtoto atatokea, kuna tarehe ya mlango huo, kuna lugha anayoisema akiwa na mama yake. Wala hatuna haja ya kubuni upya. Nchi hii ilishawahi kubana elimu ya msingi, na kazi ile inaweza kufunguliwa na kuchunguzwa kipande kwa kipande. Iliitwa MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa.

Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kufikia 1977 shule zilikuwa zimejaa. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980 mahudhurio yakashuka, na miaka ya 1990 ikawakuta watoto wengi waliokwishapita umri wa darasa la kwanza bila kulikanyaga. Wizara ya elimu ikishirikiana na UNICEF ikaanza majaribio mwaka 1999 katika wilaya tano: Kisarawe, Masasi, Songea Vijijini, Ngara na Musoma Vijijini. Ada ya shule za msingi ilipofutwa 2001, na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ukaanza 2002, mpango ukaenezwa nchi nzima. Watoto waligawanywa kwa umri. Wa miaka 11 hadi 13 walikusudiwa kusoma miaka miwili, wafanye mtihani wa darasa la nne, wakifaulu waingie la tano pamoja na wenzao. Wa miaka 14 hadi 18 walipewa miaka mitatu, kisha mtihani wa darasa la saba.

Miaka saba iliingiaje katika mitatu? Si kwa kukata kurasa. Nguvu ya kwanza iliyotumika ilikuwa umri wenyewe. Sehemu kubwa ya darasa la kwanza na la pili ni kusubiri vidole na ulimi wa mtoto wa miaka saba vikomae. Kijana wa miaka 14 hahitaji muhula mzima kujifunza kushika kalamu na kuhesabu hadi 20. Tena mtoto wa kufuga ana elimu ambayo mwalimu mgeni haioni: jioni atakwambia ng'ombe gani hayupo zizini kwa kumkumbuka rangi na baka, kabla hujamaliza kuhesabu. Anachokosa ni alama za kuandikia anachokijua tayari, na alama hufundishika haraka.

Nguvu ya pili ni udogo wa kundi, na hapa naomba tupige hesabu. Kipindi cha dakika 30 kwa watoto 60 kinampa kila mmoja nusu dakika ya mwalimu, ukiacha muda wa kuita majina na kufuta ubao. Watoto watatu chini ya mbuyu wanapata dakika 10 kila mmoja. Mzazi akiogopa kwamba saa mbili za njiani haziwezi kushindana na siku nzima ya shule, hofu yake inatoka kwa kuhesabu saa za kukaa dawatini, si saa za kufundishwa. MEMKWA ilipanga siku fupi ikilenga jambo hilohilo, pia ili kumwachia kijana muda wa kazi za nyumbani ambazo ndizo zilizomzuia kuingia shule tangu mwanzo.

Ya tatu ni kuunganisha. Kiswahili, Hisabati na Kiingereza vilisimama peke yake. Mengi ya yaliyobaki yakakusanywa chini ya maarifa na stadi za kazi. Uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Kusoma na kuhesabu ni masomo yanayobeba mengine, kwa kuwa anayesoma vizuri ataipata sayansi mwenyewe kitabuni akichelewa, ilhali asiyesoma hata ukimsimulia sayansi mwaka mzima haitamkaa. Serikali yenyewe ilifika mahali hapo baadaye kwa mlango mwingine: mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015 ulitenga asilimia 80 ya muda kwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Watu wengi waliuona kuwa mtaala wa watoto wadogo tu. Mimi nauona kuwa kielelezo cha serikali cha nini kibaki pale muda unapokuwa mchache.

Na ya nne, ambayo ndiyo iliyoupa mpango heshima, ni kwamba ulifungwa kwenye mitihani ileile ya taifa. Kijana hakutoka na cheti cha pembeni kisichotambulika popote. Alitokea darasa la tano, au kidato cha kwanza.

Lakini tazama tena zile wilaya tano za majaribio. Moja iko Pwani, mbili kusini, moja mpakani na Burundi na Rwanda, moja kando ya Ziwa Victoria. Hakuna hata moja ya uwanda wa kati. Mpango ulipimwa kwa watoto walioachwa na shule, ukaja kutumika pia kwa watoto ambao nyumba yenyewe inaondoka. MEMKWA ilibana muda, haikubana mahali. Kituo kilikuwa mara nyingi chumba katika shule ya msingi iliyopo, na mwezi wa kuhama chumba hakihami. Kwa familia ya Chemba au Bahi ambayo baba amekwenda na kundi, kituo kilikuwa na dosari ileile ya shule ya kawaida, ila kwa miaka michache zaidi.

Majirani walijaribu kubana mahali. Karamoja, Uganda, mpango wa ABEK ulianza 1998 kwa msaada wa Save the Children ya Norway. Masomo yalifanyika karibu na maboma, asubuhi na jioni, nje ya saa za kuchunga. Wawezeshaji walikuwa watu wa hapohapo. Lugha ilikuwa Kikaramojong. Na mada zilianzia kwenye mifugo, malisho, afya na amani. Kwa mahali na saa, sijui mpango mwingine uliomfuata mfugaji kwa karibu namna hiyo. Ulipokwama ni kule MEMKWA ilikofaulu: kuvuka kutoka chini ya mti kwenda shule rasmi, ambako lugha, saa na masomo vilibadilika kwa siku moja. Kenya nayo ina shule zinazohama na wafugaji wa kaskazini, na sheria yake ya elimu ya 2013 iliunda baraza zima la elimu ya wahamaji. Ila huko huko kaskazini kulikuwa na mtaala wa njiani uliokomaa kabla ya wizara yoyote: dugsi ya Wasomali, yaani chuo cha kuhifadhi Kurani. Mwalimu mmoja anayesafiri na ukoo, vibao vya mbao, wino wa mkaa unaooshwa na kuandikwa tena, na lengo moja ambalo kila mzazi anaweza kulipima kwa sikio. Mzigo wake wote unabebeka na ngamia mmoja. Nani katika watunga mitaala wa leo angethubutu kuwa na lengo moja?

Tuje basi kwa familia yenyewe, na sisemi wafugaji peke yao. Kuna walioifuata reli ya SGR kambi kwa kambi, kuna warina asali wa Itigi na Manyoni, kuna wakandarasi wadogo wa barabara. Wote wanakutana na Sheria ya Elimu ya 1978, Sura ya 353, inayomtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikia miaka saba na ahakikishe anahudhuria. Kwa hiyo mtaala wa njiani hapa kwetu hauwezi kuchukua nafasi ya shule. Unaziba miezi ambayo mtoto yuko kati ya shule na shule. Mtoto awe na shule yake, awe na namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, na akihama uhamisho ufanyike kwa namba hiyo. Familia nyingi hubeba daftari na kusahau namba. Daftari likipotea linanunuliwa dukani. Mtoto asiye na namba ni mgeni kila mahali, na mtihani wa msingi haufanywi na mgeni.

Baada ya namba ni tarehe. Mtoto anayekaribia darasa la nne au la mwisho asipangiwe safari ya Septemba na Oktoba. Kaya nyingi za wafugaji tayari hujigawa wakati wa kiangazi, wazee na wanawake wenye watoto wadogo wakibaki, vijana wakienda na ng'ombe. Kinachohitajika ni mtoto wa mtihani ahesabiwe upande wa wanaobaki mwaka huo, hata kama ndiye mchungaji hodari. Ni gharama ya kweli, na baba atakayeikataa ana hoja, kwani ng'ombe hawamsubiri mtu.

Lugha inafuata. Kondoa na Chemba ni mahali ambapo Kirangi cha Kibantu, Kisandawe chenye sauti za kidoko, Kiburunge cha Kikushi na Kitaturu cha Kiniloti vinaweza kusikika katika mnada mmoja. Mbinu zote za kubana nilizozieleza zinadhani mtoto anajua Kiswahili. Asipokijua, ukimwanzishia herufi unamfundisha vitu viwili kwa pamoja na vyote vinachelewa. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi Dodoma pamoja na mikoa mingine, ulilitambua hilo ukaweka kozi ya utayari ya wiki chache kwa watoto wasiopitia elimu ya awali, hadithi na mazungumzo yakitangulia, mwalimu akiwa mtu wa jamii. Familia ya njiani inaweza kufanya hivyo bila karatasi yoyote. Dada aliyekwishasoma azungumze Kiswahili na mdogo wake wakati wa kuchunga, miezi kadhaa kabla ya kalamu.

Ndipo vitabu. Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, umerefusha orodha ya darasa la tatu na kuendelea: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, na Dini. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania husomeka bure katika maktaba mtandao yake, lakini mbugani mtandao ni wa kubahatisha, na simu yenye chaji ni ya baba. Ningebeba vya karatasi vinne: Kiswahili, Hisabati, Kiingereza, Sayansi. Kiingereza kisiachwe kwa kisingizio kwamba mzazi hakijui, maana masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa lugha hiyo. Kwa somo hili hasa ndipo miezi ya kukaa karibu na shule itumike.

Jiografia na historia barabara inazo. Kutoka Bahi kwenda Manyoni unapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na mtoto anayepumzika juu akitazama nyuma ana mada nzima mbele yake. Kolo kuna michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Na Kondoa hiyohiyo kuna somo ambalo mtoto wa mfugaji anastahili kulipata na pande zake mbili: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, na uamuzi wa 1979 wa kuondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka. Makorongo yalianza kuota majani. Wenye ng'ombe walihamishwa. Mwulize aeleze kwa sentensi 10 kwa nini yote mawili ni kweli. Umepata jiografia, historia, maadili na insha ya Kiswahili kwa jioni moja. Onyo langu ni dogo: karatasi ya mtihani wa mwisho, kwa sehemu kubwa, huuliza kwa kuchagua jibu, na mtoto aliyezoea kusimulia hupotezwa na maswali ya namna hiyo asipoyazoea. Karatasi za miaka iliyopita ziwemo mkobani.

Baada ya msingi njia inapanuka, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Sekondari ina mlango ambao msingi hauna: mtu anaweza kusoma nje ya mfumo rasmi, kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima au kituo kingine, akafanya Mtihani wa Maarifa, kisha akakaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapo familia haihitaji tena kugawanyika mwaka mzima kwa ajili ya shule. Bado atalazimika kuchagua kituo cha mtihani na kufika kwa tarehe, na kidato cha nne hufanya mtihani Novemba, kabla mvua haijashika, wakati ng'ombe bado wako Bahi.