Mwisho Uliotangulia: Filamu ya Taharuki Inayosimuliwa Kinyumenyume na Mgawanyiko wa Watazamaji Wake, kwa Kurejelea Vibanda vya Video vya Mbale

Ikisiri

Makala haya yanajadili kwa nini watazamaji hugawanyika kuhusu filamu za taharuki ambazo matukio yake husimuliwa kuanzia mwisho kuelekea mwanzo. Mfano mkuu ni Memento (2000) ya Christopher Nolan, ambayo inalinganishwa kwa ufupi na Irréversible (2002) ya Gaspar Noé. Hoja inayotetewa ni kwamba mpangilio wa namna hii ni mabadilishano: mtazamaji hunyang'anywa hofu ya kungojea, akapewa badala yake uchunguzi wa chanzo. Kwa hiyo malalamiko ya wasioupenda ni uhakiki kamili, wala si dalili ya kutoelewa. Hoja hiyo inapimwa kwa desturi ya wafasiri wa filamu katika vibanda vya video vya mashariki mwa Uganda.

Utangulizi

Katika uhakiki wa Kiswahili, kisengerenyuma huorodheshwa kama mbinu moja miongoni mwa nyingi. Msimulizi husita, hurudi nyuma, huokota jambo la zamani, kisha huendelea na safari yake. Mwanafunzi hufundishwa kuitambua mbinu hiyo na kuitolea mfano, na mambo huishia hapo. Lakini ipo kazi ambayo hairudi nyuma ili iendelee mbele; kurudi nyuma ndiyo safari yenyewe. Katika Memento, mandhari za rangi hupangwa kinyumenyume, kila moja ikiishia pale ilipoanzia ile iliyotangulia kuonyeshwa, huku mandhari za rangi nyeusi na nyeupe zikienda mbele, mpaka mikondo miwili inapokutana karibu na tamati. Filamu hufunguliwa kwa picha ya papo hapo ambayo, badala ya kujitokeza, inafifia. Leonard Shelby amekwisha kumpiga risasi Teddy. Aliyekufa ni nani, na kosa lake ni lipi, ndiyo mambo yatakayofuata, yaani yaliyotangulia.

Tangu filamu hii ilipoonyeshwa Venice mwezi Septemba 2000, watazamaji wake wamegawanyika, na mgawanyiko huo haujapoa. Upande mmoja husema kwamba ukiyapanga matukio kwa mfuatano wa kawaida hubaki hadithi nyembamba ya kisasi, hivyo sifa zote ni za fundi wa kukata na kuunga. Upande wa pili husema kwamba mpangilio ndio maudhui. Hata wahakiki wakongwe walisita. Roger Ebert, aliyeandika kwa miaka mingi katika gazeti la Chicago Sun-Times, aliipa nyota tatu kati ya nne na kuuliza swali ambalo watazamaji wengi wa kawaida huliuliza: mtu asiyeweza kutunza kumbukumbu mpya anakumbukaje kwamba ana maradhi hayo?

Watetezi wa filamu wana tabia moja isiyopendeza. Humchukulia anayelalamika kuwa hakufuatilia. Tabia hiyo huwa nzito zaidi mjadala unapofika kwetu, kwa kuwa kuna dhana iliyozoeleka, japo haiandikwi waziwazi, kwamba mtazamaji wa kibanda cha video katika mji kama Mbale anahitaji hadithi iliyonyooka, mapigano, na mtu wa kumfafanulia. Dhana hiyo inastahili kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa.

Kilichochukuliwa na kilichotolewa

Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake mashuhuri na François Truffaut yaliyochapishwa mwaka 1966, alitofautisha mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Likilipuka bila mtazamaji kujua kwamba lipo, atashtuka kwa sekunde chache. Akilijua mapema huku waliokaa mezani hawalijui, ataishi na hofu dakika zote za mazungumzo yao ya kawaida. Taharuki, kwa maana hiyo, hutokana na kujua zaidi ya mhusika.

Kwa kipimo hicho, Memento iliyonyooshwa ingekuwa na taharuki kubwa kuliko Memento tunayoijua. Hilo ni jambo ambalo watetezi wake hawalisemi. Katika mfuatano wa kawaida, mapema kabisa tungemwona Leonard akiamua kwa makusudi kuandika namba ya gari la Teddy kama ushahidi, akijua kwamba baada ya dakika chache atausahau uamuzi huo na kuuamini ushahidi wake mwenyewe. Bomu lingekuwa limekwisha kuwekwa chini ya meza. Kila mara Teddy anapotabasamu na kumwita rafiki, tungetetemeka. Mtazamaji anayesema "wameniharibia" ana haki: kuna kitu halisi alichonyang'anywa, nacho ni kile hasa alichokuja kukitafuta katika filamu ya aina hii.

Alipewa nini badala yake? Jibu linaonekana vizuri zaidi katika mandhari za Natalie. Mtazamaji humwona kwanza akiingia nyumbani uso umevimba, akisema amepigwa na Dodd. Humhurumia, na humwona Leonard akiinuka kwenda kumtetea. Baada ya hapo, yaani kabla ya hapo, humwona mwanamke huyohuyo akikusanya kalamu zote zilizomo nyumbani, akimtukana Leonard na kumtukania mkewe mpaka anampiga, kisha akitoka na kuketi garini, akingoja. Leonard anatafuta kalamu ili aandike ukweli usimponyoke. Haipati. Mlango unafunguliwa, na Natalie anaingia akilia. Kama tungeyaona haya kwa mfuatano wa kawaida, tungejua tunamtazama mjanja na mjinga wake. Kwa kuyaona kinyume, huruma yetu imekwisha kutolewa na haiwezi kurudishwa. Sisi pia tumedanganywa, kwa njia ileile na kwa sababu ileile: hatukuwa na yaliyotangulia.

Haya ndiyo mabadilishano. Hofu ya kungojea imetolewa. Aibu ya kuhukumu mapema imeingizwa. Mtazamaji mmoja ataona amepata faida, mwingine ataona amepata hasara, na hakuna kati yao aliyekosea kusoma.

Inafaa kukumbuka kwamba msomaji wa Kiswahili hakuanza leo kusafiri kutoka maiti kuelekea sababu. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, inaanza na mauaji, na kazi yote ya Bwana Msa ni kurudi nyuma. Tzvetan Todorov, katika makala yake ya mwaka 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, alieleza kwamba riwaya ya namna hiyo ina hadithi mbili, ya uhalifu na ya uchunguzi, na kwamba ya kwanza huwa imekwisha pale ya pili inapoanza. Tofauti ni kwamba Bwana Msa huenda mbele kwa miguu yake huku akili ikirudi nyuma. Yupo mtu wa kuaminika anayetushika mkono. Memento imemwondoa mtu huyo. Mpelelezi wake ndiye muuaji, na hajui.

Mfasiri katika kibanda

Hapo ndipo kibanda cha video kinapokuwa na la kusema. Nchini Uganda, filamu za kigeni zimekuwa zikifasiriwa kwa sauti na mtu anayeitwa VJ, ambaye husema juu ya sauti ya filamu, zamani papo hapo ukumbini na baadaye kwa kurekodi. VJ Jingo na VJ Junior ni miongoni mwa majina yanayojulikana nchi nzima. Lugha yao kwa kawaida ni Kiganda, ambacho hueleweka pia Mbale, ingawa lugha ya wenyeji wa huko ni Lumasaaba. Tanzania ilikuwa na Lufufu na Kenya ina DJ Afro, ambao kazi yao ni ya Kiswahili. Wote hawa hawatafsiri tu. Hutoa majina mapya, hutania, huonya, hueleza kilichotokea zamani na hata kitakachotokea baadaye. VJ amekwisha kuiona filamu yote, na hadhira inajua kwamba ameiona.

Kwa hiyo kila filamu inayopita mkononi mwa VJ inakuwa na nyakati mbili, wakati wa picha na wakati wa mwenye kujua. Anaposema kwamba yule anayecheka sasa ndiye atakayemsaliti mwenzake, VJ analiweka bomu la Hitchcock chini ya meza kwa mdomo wake. Wahakiki waliozoea kumshutumu kwa "kuharibu mwisho" hawajaona kwamba anaigeuza filamu ya mshtuko kuwa filamu ya taharuki. Who Killed Captain Alex? (2010) ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga jijini Kampala, ina jina lililo swali la upelelezi, na filamu inakwisha bila kulijibu. Hadhira haimdai mtu jibu, kwa kuwa VJ Emmie amekaa nayo mwanzo hadi mwisho, na ushirika huo ndio walioununua.

Wala si kweli kwamba hadhira ya Mbale inahitaji kufichwa mwisho ili isisimke. Kila mwaka wa shufwa, umati hukusanyika katika vijiji vya milima ya Elgon kutazama imbalu. Kijana amecheza siku kadhaa, amepakwa unga, amezungushwa kwa jamaa. Hakuna asiyejua kisu kitafanya nini. Hata hivyo pumzi hushikwa, kwa sababu macho yapo usoni mwake: je, atapepesa? Kinachojulikana ni tendo. Kisichojulikana ni namna mtu atakavyolisimamia. Hadhira iliyolelewa na taharuki ya namna hii haihitaji somo kuhusu filamu inayotoa mwisho wake mapema.

Ikiwa ndivyo, kinachoisumbua hadhira hiyo katika filamu ya kinyumenyume ni kitu kingine, na inafaa kukitaja kwa neno ambalo watazamaji wa Kiswahili wenyewe wanalo: steringi. Steringi ni mhusika ambaye mtazamaji amejikabidhi kwake. Anaweza kupigwa, kusingiziwa, hata kufungwa, lakini mkataba ni kwamba anastahili kuaminiwa. Mpangilio wa Memento unatufanya tumkabidhi Leonard imani hiyo kwa karibu saa mbili, kisha unatuonyesha kwamba alikuwa hastahili tangu mwanzo. Filamu iliyonyooshwa ingetupa nafasi ya kuukataa mkataba mapema. Kinachogawa watazamaji, basi, ni kusalitiwa na steringi kuliko ugumu wa mafumbo, na VJ mwaminifu angekuwa katika shida ya kweli. Akisema dakika ya kwanza kwamba muuaji huyu anajidanganya, amerudisha taharuki na kuua aibu. Akinyamaza, ameshiriki usaliti, naye kesho anataka hadhira ileile irudi.

Ushahidi wa filamu zilizonyooshwa

Swali la filamu ingekuwaje kama ingenyooshwa si la kubuni. Toleo moja la DVD ya Memento lililotoka mwaka 2002 lilificha njia ya kuitazama kwa mfuatano wa kawaida. Noé alikwenda mbali zaidi: mwaka 2019 alipeleka Venice toleo la Irréversible lililopangwa upya kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ya Noé ndiyo inayofundisha zaidi. Katika toleo la 2002, ambalo liliwafanya watazamaji wengi watoke ukumbini Cannes, tunaanza na mtu akiuawa kikatili kabla ya kujua anaadhibiwa kwa nini, na baadaye inadhihirika kwamba siye mwenye hatia. Kisha unakuja unyama aliotendewa mwanamke, na mwishoni, yaani mwanzoni, furaha yake kabla ya yote. Ebert alitetea mpangilio huo kwa misingi ya maadili: ukatili uliowekwa kabla ya sababu yake hauwezi kushangiliwa. Hoja hiyo ni nzito. Filamu ya kisasi iliyonyooka hutufanya tuidai damu. Hapa damu imekwisha kumwagika kabla hatujaidai. Anayeichukia Irréversible kwa sababu haiwezekani kuvumilika ana haki yake, lakini anayeichukia kwa sababu imepangwa ovyo amekosea, kwa kuwa upangaji ndio unaomzuia kushangilia.

Kwa mizani hiyo Memento ni nyepesi kidogo. Aibu inayotupa ni ya akili zaidi kuliko ya dhamiri, na swali la Ebert kuhusu maradhi ya Leonard halijajibiwa na mtetezi yeyote kwa namna ya kuridhisha. Bado mandhari za Natalie zinatosha kuonyesha kwamba si mchezo wa mkasi tu.

Suala hili linaigusa Uganda yenyewe sasa. The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali, filamu ya taharuki iliyoingia Netflix mwishoni mwa mwaka 2021, inaweka hadithi katika kinywa cha mtu anayemsimulia polisi mkasa wake, na vipande vyake havifuati mfuatano wa saa. Mtazamaji wake wa Mbale ana uwezekano wa kuiona peke yake, simuni, kuliko kwenye benchi la kibanda. Hana VJ wa kumwonya. Ana kidole, na kidole hicho kinaweza kuirudisha picha dakika tano nyuma wakati wowote anapohisi kwamba anayezungumza anamdanganya.