Sanamu ya Kosa Inayopakwa Mafuta

Katika vijitabu kama hiki, kila tunapoandika juu ya Bwami ya Walega tunarudia wimbo ule ule: mwami alikuwa mtu mtulivu, mwenye mithali, asiye na doa, basi wakubwa wa leo wamuige. Sisi wa Obokote, teritware ya Lubutu, hatukuingizwa Bwami. Tumeisikia kwa majirani na kuisoma. Lakini tunaona sifa hii ya "asiye na doa" inaharibu jambo lililo zuri kuliko yote mle ndani.

Tukumbushane kwanza. Kwa Walega, wale wa Pangi huku Maniema na wale wa Shabunda na Mwenga, Kivu ya Kusini, mwami si mfalme sawa na kwa Bashi. Ni mtu aliyeingizwa katika Bwami akapanda daraja kwa daraja, na ya juu kabisa ni kindi. Hapakuwa na mfalme mmoja wa kuamuru wote. Ukubwa ulitafutwa kwa mwenendo, kwa mali, na kwa ukoo wa kukusaidia. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwao miaka ya 1950 na kutoa kitabu Lega Culture mwaka 1973, alieleza jinsi mafundisho yalivyotolewa kwa mithali, kwa ngoma, na kwa vitu vidogo vya mti na vya pembe ya tembo.

Hapo njo penye utamu. Kuna sanamu ya Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, anayetazama kila upande: huyo ni mwenye hekima, na sisi wote tunampenda. Lakini kuna nyingine nyingi zinazoonyesha watu walioharibikiwa. Wayinda ni mwanamke mwenye mimba aliyefanya uzinzi. (Hapa tunalalamika kidogo: mbona mzigo wa uzinzi abebeshwe mwanamke, na mwanaume alikuwa wapi?) Na sanamu za pembe zinapakwa mafuta mpaka zinang'aa, sawa vile mtu anavyojipaka mwilini akitoka kuoga. Tufikiri basi. Mtu wa heshima, amefika kindi, anatunza picha ya mtu aliyeanguka. Haitupi. Anaitoa mbele ya wenzake, wanaiimbia, wanaicheza, kisha anairudisha mfukoni kwa uangalifu. Biebuyck aliona humo mafundisho ya tabia njema, na ni kweli. Sisi tunasoma kitu kingine tena: mkono unaozoea kushika kosa kwa upole utaweza kushika na kosa la mwenyewe.

Kuna watakaosema kujihurumia ni kujililia, au ni kujisamehe ovyo ili ule vizuri. Wana haki ya kuogopa. Wakubwa wa namna hiyo tunawajua. Lakini katika Bwami hakuna aliyejipaka mafuta peke yake chumbani. Mashahidi walikuwapo, ndugu walichangia mali, na mke pia aliingizwa, kwani bila yeye mume hakufika juu. Tusifiche upande mwingine: gharama zilikuwa nzito, na mtu asiye na ukoo wa nguvu alibaki chini hata akiwa mwema.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga Bwami marufuku. Vitu vyake vingi vilitoka. Leo viko Tervuren na kwingineko, na mwaka 2001 jumba la Fowler, Los Angeles, lilifanya maonyesho yake. Ni vizuri kwamba havikupotea. Ila huko havishikwi, na mafuta yamekwisha kuwa habari ya kusoma kwenye karatasi iliyo pembeni. Nasi huku tulibaki na mfano mwingine wa ukubwa: yule wa ofisini, ambaye hakosei, na ukimuuliza hesabu unakuwa adui.

Tuliuona katika chama kimoja cha michango tulimokuwa. Mtunza-sanduku alitumia feza ya mabati kumtibu mtoto. Angesema siku ile, tungemaliza kwa saa moja. Lakini alikuwa amekwisha kujihukumu usiku mzima kabla hatujamuuliza, na sisi tulijulikana kwa ulimi mkali. Basi akaanza kuwa mkali kuliko sisi. Aliahirisha mikutano, akawatukana vijana waliotaka kuona daftari, akamwita kila mtu mchochezi. Miezi mitatu chama kikavunjika vipande viwili. Alipokuja kusema, alisimama karibu na mlango: "Bazee, ile feza nilikula juu ya ugonjwa ya mutoto." Mzee mmoja akamuuliza tu kama mtoto alipona. Akasema ndiyo. Mzee akamwambia aache mlango, akae, tuhesabu pamoja ni mabati mangapi yamebaki kununua.